Tulicheka, Tukanywa Chai, Tukaenda Zetu

Sisi ni akina mama wa Busi, wilayani Kondoa. Huku kwetu, uwele ukishapurwa na kuingia ghalani, jioni za Jumamosi huwa na nafasi kidogo. Basi sisi akina mama wa kwaya na wa huduma ya wagonjwa tumejizoeza kukusanyika katika nyumba mojawapo kuangalia picha. Huwa tuko wanane au kumi, wengine na mtoto mgongoni. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine ni wakulima wa alizeti na karanga, na mmoja ana duka. Kila mtu huja na chake: huyu sukari, yule karanga za kukaanga, mwingine kuni. Kijana wa nyumba akienda Kondoa mjini huenda na flashi akajaziwa picha, na akirudi hatuulizi sana amejaziwa zipi. Umeme ukiwepo, tunaangalia. Ukikatika katikati, tunabaki kubishana namna picha itakavyokwisha, na mara nyingine mwisho wetu huwa mzuri kuliko ule wa mtunzi.

Leo tumeona tuwaeleze tunavyoziona picha hizo. Sisi si wataalamu wa sinema. Tunasema kama akina mama waliokaa mkekani, miguu imenyooshwa, baada ya kazi za wiki nzima.

Mkubwa wetu kwa umri, bibi mwenye wajukuu wengi, hutucheka tunapogombania rimoti. Anasema utotoni mwake sinema ilikuja na gari. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, kijiji kizima kikaketi chini, na gari lilipoondoka watu walizungumza habari ya picha ile kwa mwezi mzima. Enzi hizo za miaka ya 1950 ndipo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, alipoigiza katika sinema za Kiswahili, mojawapo ikiwa ni Muhogomchungu. Wenzetu wa Zanzibar walipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. "Ninyi mnaona picha tatu kwa usiku mmoja," bibi husema, "na asubuhi hamkumbuki hata moja." Tulidhani ni maneno ya uzee tu. Sasa tunajua kwamba alikuwa na hoja.

Tuanze na filamu za hapa nyumbani. Tunazipenda, tusifiche. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, wako kati yetu waliolia kama waliofiwa na mdogo wao. Katika filamu hizi tunasikia lugha yetu, tunaona sufuria kama zetu, na mawifi wanaosema kama mawifi zetu. Hata kama picha ni ya wenye majumba ya ghorofa na magari mawili, ugomvi wake tunaujua.

Ila mahali pamoja panatushinda sisi wauguzi, napo ni hospitalini. Mtu akizirai sebuleni, ukifumba na kufumbua yuko kitandani na dripu mkononi, hata kama alizirai kwa hasira. Dripu yenyewe haishuki tone. Daktari anaingia na koti jeupe, hamwangalii mgonjwa hata mara moja, anamgeukia mume na kusema, "Hongera, mkeo ni mjamzito." Mkojo haukupimwa, damu haikuchukuliwa, na mwenye mimba ndiye wa mwisho kuambiwa. Muuguzi kazi yake ni kufungua mlango, au kuwafokea ndugu. Na mama akijifungua, hupiga kelele dakika mbili, kisha mtoto anatoka mkavu, mnene, na shingo imekwisha kukaza. Wenzetu hutugeukia sisi tunaovaa sare na kuuliza, "Hivi ndivyo mnavyofanya huko?" Tunacheka wote.

Kicheko hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Jumamosi moja tuliona picha ya namna hiyo. Ndani yake mwanamke anakwenda hospitali peke yake, anapimwa damu, na kabla hajafika nyumbani daktari amekwisha kumpigia mumewe simu na kumwambia kwamba mkewe ana virusi vya UKIMWI. Anapofika anakuta nguo zake zimetupwa nje na majirani wamejaa uani. Sisi tulicheka namna yule daktari alivyoshika simu juu chini. Tukanywa chai, tukakunja mikeka, tukaenda zetu.

Miezi michache baadaye alikuja kliniki mama mmoja mwenye mimba changa. Jina lake, kijiji chake wala mwaka hatutaji, na haya machache tunayasimulia kwa ruhusa yake. Alipimwa uzito, akapimwa shinikizo la damu, akajibu maswali yote vizuri. Ilipofika zamu ya kutobolewa kidole kwa vipimo vya damu, akakunja ngumi. Tulidhani anaogopa sindano. Tukamtania kidogo, kama ilivyo desturi. Hakucheka. Tukamwambia kwamba kipimo hiki ni kwa ajili ya mtoto. Akatazama chini. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Mtampigia baba watoto."

Tukamuuliza nani amemwambia hivyo. Akatuangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua. "Si tuliona pamoja," akasema.

Kweli, alikuwepo. Jumamosi ile alikaa karibu na mlango, na mtoto wake mdogo mapajani. Aliwaona wauguzi wawili wakimwangalia daktari yule akivunja siri ya mgonjwa, na hakuna aliyefungua kinywa kusema kwamba huo ni uongo. Walicheka tu. Yeye alifanya nini basi? Aliamini kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba sisi tumezoea kufanya hivyo.

Wapenzi wasomaji, tuliona aibu kubwa. Tulifunga mlango, tukaketi naye, tukamweleza yale ambayo tungeweza kuyasema kwa dakika moja siku ile. Kwamba Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yawe siri, apewe aliyepimwa mwenyewe, isipokuwa katika mambo machache ambayo sheria imeyataja, kama vile mtoto mdogo, ambaye mzazi au mlezi ndiye anayepewa. Kwamba kliniki tunawahimiza akina baba waje wapimwe pamoja na wake zao, lakini kuhimiza hivyo si sawa na kumpigia mtu simu kwa siri. Kwamba tangu mwaka 2013 nchi yetu imefuata utaratibu wa kumpa dawa kila mama mjamzito anayekutwa na virusi, aendelee nazo maisha yake yote, na kwamba mama anayezitumia vema anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Na kwamba wa kuogopwa zaidi ni ule ugonjwa usiojulikana, kwa kuwa huo haupewi dawa.

Akanyoosha kidole. Majibu yake hatuyaandiki hapa, na msomaji anajua kwa nini.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: ni mambo mangapi yanayofika kliniki kutoka kwenye picha tusizozizungumza? Na kwa kweli jibu moja lilikuwepo hapa hapa mkoani kwetu, muda mrefu kabla yetu. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Wenye umri kama wetu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka. Lakini sisi wa Dodoma tunaukumbuka kwa kuchelewa, kwa sababu kwa miaka 2 ya kwanza kituo cha Dodoma hakikuutangaza. Watafiti waliuacha mkoa wetu kando kwa makusudi, ili walinganishe walioshika mchezo ule na wasiousikia. Walikuta kwamba sehemu ulikosikika, watu wengi zaidi walianza kufuata uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na huko kliniki wapo akina mama waliosema waziwazi kwamba Mkwaju na Tunu ndio waliowaleta. Ulipofunguliwa Dodoma mwaka 1995, mabadiliko yalionekana huku pia.

Wakati ule wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, hatukujua kwamba kuna hadithi tuliyonyimwa. Sasa tukifikiri tunaona jambo moja. Ikiwa mchezo mmoja uliotungwa vizuri ulimfikisha mama kliniki, basi mwingine uliotungwa ovyo waweza kumzuia mlangoni. Hadithi haiishii kwenye runinga. Inafunga kanga na kwenda na mtu.

Isije ikaonekana kwamba tunazilaumu picha tu. Ziko zilizotujenga, na moja ilituponya nyumbani kabisa. Ni ile tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, binti aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, hivyo akajikuta na mama wakwe wawili. TBC waliionyesha mwaka 2011 ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping wa China aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Sisi tulikuja kuitazama vizuri hivi karibuni tu, vipande kwa vipande, tukiwa na mama mzaa baba watoto, ambaye tunaishi naye.

Mama huyu hakuwa mtu wa runinga. Aliketi kwenye kigoda chake akichambua mbaazi, kama asiyesikia. Siku ya tatu akauliza, "Huyu mkwe ana mama wawili?" Siku ya nne aliacha mbaazi. Doudou alipomjibu mama mkwe wake maneno makali, tukadhani atakasirika na kusema vijana wa siku hizi wameharibika. Badala yake aligeuka kwetu akasema taratibu, "Afadhali huyu anajibu. Wewe hunijibu kamwe. Unafunga mlango wa jiko."

Nyumba ilinyamaza. Ilikuwa kweli, na tulikuwa tumefanya hivyo kwa miaka, tukijisifu moyoni kwamba sisi ni wakwe wapole tusiogombana na mtu. Kanisani tumesikia mara nyingi juu ya Ruthu na Naomi, tukadhani tunafanana nao kwa sababu tu hatupigi kelele. Usiku ule tulizungumza na mama mpaka chai ikapoa, juu ya mambo ya chumvi, na ya watoto, na ya fedha ya alizeti ambayo hakuambiwa imetumikaje. Tangu hapo mlango wa jiko unabaki wazi. Yeye husema Uchina ni mbali lakini mama mkwe ni yule yule.

Tamthilia za Kituruki nazo zimetuteka. Ile ya Sultan Suleiman, aliyetawala kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, ilitufanya tuunguze ugali zaidi ya mara moja. Nguo zile, mapambo yale, na Hurrem, binti aliyeletwa akiwa mtumwa asiye na baba wala mama wa kumtetea, akaishia kuwa mke halali wa Sultani! Tulimpenda. Tulimpenda kupita kiasi, kwa maana alipowatilia wenzake fitina tulipiga makofi, na mwenzetu mwenye duka akauliza, "Hivi tungemshangilia kama angekuwa anamfanyia hivyo dada yangu?" Hakuna aliyejibu. Mwana wa Sultani, Mustafa, alipouawa kwa amri ya baba yake, jambo lililotokea kweli mwaka 1553, hatukuweza hata kunywa chai. Maoni yetu ni kwamba tamthilia hii ni nzuri kwa mtu mzima mwenye kujipima moyo, lakini si ya kuachiwa watoto wa darasa la pili huku mama yuko kisimani. Tena ni ndefu. Mwenye zamu ya usiku na kibarua cha asubuhi afikirie mara mbili kabla ya kuianza.

Kuna na Neria, picha ya Zimbabwe iliyoongozwa na Godwin Mawuru. Tuliipata kwa Kiingereza, binti yetu wa sekondari akawa anatufasiria. Mume anagongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, anakufa, na shemeji anachukua kila kitu, hata watoto. Oliver Mtukudzi ameigiza kama kaka yake Neria na nyimbo zake zimo humo. Hii hatukucheka wala hatukulia. Tulinyamaza, kwa kuwa kila mmoja aliweza kutaja nyumba moja anayoijua. Ila safari hii tulikuwa tumekwisha kujifunza, hatukukunja mikeka. Tuliulizana: vyeti vya ndoa viko wapi? Jina la nani liko kwenye karatasi ya shamba? Kati ya wale tisa tuliokuwepo, wanne hawakujua cheti chao kilipo. Wiki iliyofuata watatu walikuja na habari kwamba wamekiona. Wa nne bado anatafuta, na mumewe sasa anamsaidia.

Na watoto je? Kijana wetu wa darasa la sita alikuta magazeti ya zamani ya Sani ndani ya sanduku la baba yake. Tulitaka kuyachoma. Kisha tukakumbuka kwamba na sisi tulimsoma Ndumilakuwili na Lodi Lofa chini ya dawati, na tulicheka mpaka mwalimu akatukamata. Tukaketi na kijana, tukamwomba atusomee. Palipokuwa na mchoro wa kumdhalilisha mwanamke tulimuuliza, "Hapa angekuwa dada yako ungecheka?" Alifikiri, akafunua ukurasa. Wadogo zake wanapenda katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, nasi tunazipenda kwa kuwa zinafundisha hesabu kwa nyimbo. Hata hizo tunaketi nao, ingawa kwa kweli mara nyingine tunaketi ili na sisi tuelewe zile sehemu.

Mtatuuliza, je, baba wa nyumba? Wao wana kibanda chao cha mpira, na humo hatuingii. Lakini wawili wameanza kuchelewa kwenda kibandani siku za Jumamosi. Husimama mlangoni, eti wanasubiri chai.

Utaratibu wetu sasa ni mdogo tu, na mama yeyote anauweza. Picha ikiisha hatuzimi na kuondoka. Anayetoa chai siku hiyo ndiye anayeuliza swali moja: "Katika tuliyoyaona, lipi si kweli?" Basi muuguzi anasema lake, mkulima lake, mwenye duka lake, na bibi anasema la mwisho. Dakika kumi zinatosha. Kumkataza mtoto au jirani asiangalie hatuwezi, maana flashi hujazwa kila siku na simu ziko mifukoni. Lakini mtu aliyeketi karibu na mlango, asiyethubutu kuuliza, tunaweza kumpa jibu kabla hajaondoka nalo swali.

Jumamosi iliyopita tulitazama picha nyingine ya nyumbani. Mama yule wa kliniki alikuwepo, na safari hii alikaa mbele, mimba imekua, mgongo ameegemeza ukutani. Daktari akaingia na koti lake jeupe, akampita mgonjwa, akamwendea mume. Sisi wauguzi tulikuwa tunavuta pumzi tuseme neno. Yeye akatutangulia.

"Uongo huo!" akasema kwa sauti, akaendelea kumenya karanga.